Sufuria moja: shajara ya siku 90 za sukari ya Baba

Kabla ya kuanza

Baba ana miaka 66, mstaafu wa bandari hapa Tanga, na kisukari chake kina miaka sita. Tarehe 14 Novemba 2024, Siku ya Kisukari Duniani, alipita kwenye hema la upimaji wa bure na mashine ikasoma 17.2. Alirudi nyumbani, akavua kofia, akakaa barazani bila kusema neno mpaka adhuhuri.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kufanya kipimo cha miezi mitatu, kile kinachoitwa HbA1c. Kilitoka asilimia 8.9. Kipimo hiki huangalia sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi kama siku 120, namba yake hueleza miezi miwili mitatu iliyopita, si chakula cha jana. (Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu anaweza kupata namba isiyo ya kweli, kwa hiyo amwambie daktari mapema. Baba hana.) Ndiyo maana mradi una siku 90. Tukipima kabla ya hapo tutakuwa tunapima maisha ya zamani.

Lengo tulilopewa ni kuikaribia asilimia 7. Dawa hazibadiliki bila daktari: metformin mara mbili kwa siku, glibenclamide asubuhi. Namba nyingine zote za sukari humu, zile za mashine ya kidole, ni za milimoli kwa lita. Mwenye mashine ya miligramu azizidishe namba hizi kwa 18.

Siku ya 1 hadi ya 7

Wiki hii hatubadilishi chochote, tunapima tu. Mama hakunielewa. "Ugonjwa umeshajulikana, mwanangu. Mnatafuta nini tena?" Nilimwambia natafuta ni chakula gani hasa kinachompandisha Baba, kwenye sahani yake, kwa mkono wa Mama.

Stripu, vile vijikaratasi vya mashine vinavyopokea tone la damu, ni ghali, na boksi lina hamsini tu, kwa hiyo nimeweka sharti: tunapima kwa jozi. Mara moja kabla ya kula, mara ya pili saa mbili baada ya tonge la kwanza. Ile tofauti ndiyo habari tunayoitaka. Miaka yote Baba alikuwa akipima alfajiri peke yake, na alfajiri inakuonyesha sukari ililala wapi, haikuambii nani aliipandisha.

Jozi za wiki:

Chai ya maziwa vijiko vinne, chapati mbili: 9.9, kisha 15.8.
Wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga: 9.1, kisha 15.1.
Ugali wa sembe, dagaa, mchicha: 8.7, kisha 13.0.
Uji wa unga wa lishe, bakuli kubwa: 10.0, kisha 16.3.

Ule uji umenishtua. Ni chakula tunachompa mgonjwa tukiamini tunamsaidia, na siku hiyo Mama alitia sukari kijiko kimoja tu. Lakini nafaka ikisagwa laini kisha ikachemshwa nyepesi, tumbo halibaki na kazi ya kufanya. Wanga wote unaingia kwenye damu kwa mkupuo. Ulezi ni nafaka nzuri, ila ulezi uliogeuzwa maji ya kunywa ni habari nyingine.

Jambo la pili limetoka nje ya nyumba. Jioni Baba hunywa kahawa na wenzake. Kahawa yenyewe ni chungu, haina hata chembe ya sukari, na kila mara tulipomuuliza alijibu kwa ukweli kabisa: "Mimi nakunywa chungu." Hakuna aliyemuuliza habari za kashata. Tatu kwa kikao, vikao viwili kwa siku. "Sikuzihesabu," alisema, "si chakula zile." Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: KINACHOLIWA BILA SAHANI NACHO KIANDIKWE.

Siku ya 9

Leo nimeona kosa letu la miaka sita, nalo liko jikoni.

Mama ana sufuria ndogo ya Baba. Tangu alipogundulika, mara nyingi chakula chake hupikwa peke yake: ndizi za kuchemsha, samaki asiye na nazi, mchicha usio na kitunguu wala chumvi. Sisi wengine tunapakua kwenye sufuria kubwa. Mama anafanya hivyo kwa mapenzi, na kwa miaka sita hajawahi kulalamika kupika mara mbili. Lakini leo nimemtazama Baba akila. Anainama, anamaliza haraka kama anayemeza dawa, halafu anatoka. Anakotoka ndiko kwenye kashata, na kwenye muhogo wa kukaanga wa kona, na chachandu. Na siku sufuria ndogo isipopikwa, anapakua kwenye ile kubwa mpaka sahani ifurike, kwa sababu leo ni leo.

Usiku tumekaa wote. Nimependekeza sufuria ndogo ikapumzike. Tupike sufuria moja ambayo Baba anaweza kula, na sisi sote tule hiyo hiyo. Mama ameuliza: "Na watoto wafungwe kwa ugonjwa wa babu yao?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba hakuna kitu kwenye chakula cha mwenye kisukari kisichomfaa mtoto. Mboga nyingi, samaki, kunde, wali wa kiasi, chai isiyo na sukari nyingi: mtoto gani anaumia kwa hayo? Isitoshe ni damu yake. Sisi wanawe wote tuko kwenye foleni.

Baba hakusema kitu mpaka tunaondoka. Kisha akasema, "Mkinipa wali mnaokula nyinyi, hata ukiwa kidogo, nitashukuru."

Siku ya 12

Kazi ya kwanza: chai. Nyumbani kwetu sukari hutiwa birikani, inakolea, halafu inamiminwa kwenye chupa. Kila mmoja anakunywa kipimo cha Mama. Nimehesabu: kwa Baba ni vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4, kwa hiyo ni gramu 48 kabla hajala chochote. Chupa ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35. Baba hanywi soda, na kila siku alijivunia hilo.

Kuanzia leo birika halitiwi sukari. Bakuli la sukari liko mezani na kila mtu anajitilia. Baba anashuka kijiko kimoja kila baada ya siku tatu. Mama ameongeza tangawizi, iliki na mchaichai, na mdalasini mwingi kuliko zamani, ili ulimi upate cha kushika.

Siku ya 17

Baada ya chakula cha mchana mashine imesoma 19.4. Baba amebadilika uso. Mimi pia mikono imenitetemeka, kisha nikaona kisu na maganda ya embe pembeni. Alikuwa akiwamenyea wajukuu. Nimemnawisha kwa sabuni, tumekausha vizuri, tumepima kidole kingine: 10.8. Maji ya embe yaliyobaki kidoleni yalisomwa kama sukari ya damu.

Stripu mbili zimekwenda, lakini sasa kanawe iko juu ya daftari kama amri ya kwanza. Spiriti pekee haiondoi utamu wa tunda vizuri. Maji na sabuni.

Siku ya 20 hadi ya 27

Wiki tamu kuliko zote, na samahani kwa kurefusha, ila hapa ndipo mradi uliposimama kwa miguu yake.

Nilitaka kujua mambo mawili: mpangilio wa kula, na kutembea. Tukachukua chakula kimoja, wali wa nazi na mchuzi wa changu na mchicha, kiasi kile kile. Wali tulipima kwa bakuli dogo la mboga, likajaa sawasawa, likamwagwa kwenye sahani. (Baba alipoona bakuli lake la wali kwa mara ya kwanza alidhani ni la kuonja. Mama akamzungushia mchicha na kachumbari mpaka sahani ikaonekana sahani.)

Siku ya kwanza alikula kama tunavyokula wote, tonge la wali na mchuzi, mboga pembeni. Kabla 8.8, baada ya saa mbili 13.6.

Siku ya pili alianza na mchicha wote na kachumbari, akafuatia samaki, wali mwisho. Kabla 8.6, baadaye 11.7.

Siku ya tatu alikula kwa mtindo wa kwanza, ila alipomaliza tulitoka. Nyumba yetu iko Ngamiani, mitaa yenye barabara za namba. Tulitembea kutoka barabara yetu mpaka ya sita mbele yetu na kurudi, kama dakika ishirini, mwendo wa mtu anayekwenda kuhani, si wa kukimbilia basi. Kabla 8.9, baadaye 11.3.

Siku ya nne tuliunganisha yote mawili: mboga kwanza, kisha matembezi. Kabla 8.5, baadaye 10.1.

Tukarudia ya kwanza na ya nne siku zilizofuata, kuogopa bahati. Zikaja karibu na zile zile.

Sijatoa chakula hata kimoja kwenye sahani yake. Nazi ipo. Wali upo. Maelezo niliyoyapata kwa mtaalamu wa lishe ni mepesi kueleweka. Nyuzi za mboga na protini ya samaki zikitangulia, tumbo huachilia wanga taratibu. Na msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ya mtu, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari, imekuwa dhaifu. Mguu unaotembea baada ya kula unafanya sehemu ya kazi ya kongosho.

Mimi ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumshauri mtu mwenye pesa ndogo, ningechagua hizo dakika ishirini. Hazinunuliwi. Na Tanga ni mji wa tambarare, mji wa baiskeli. Hatuna hata kilima cha kusingizia.

Mama sasa anatoka na sisi. Juzi walitangulia wawili, mimi nikabaki nyuma nikiwaangalia wakizungumza. Sikumbuki mara ya mwisho kuwaona wakitembea pamoja bila kwenda msibani.

Siku ya 29

Mdogo wangu amekuja likizo ya mwisho wa mwaka, miaka 38, kitambi kimeanza. Amejipima kwa mzaha kabla ya kifungua kinywa: 6.3. Mzaha ukaisha. Haijafika 7.0 ya kuitwa kisukari, lakini si ya mtu mzima wa afya. Yuko mlangoni.

Nimemwambia habari ya utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ambao nilielezwa kliniki. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni kama yeye waligawanywa. Waliowekewa lengo la kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi kama kutembea jumla ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, kwa asilimia 31. Miguu ilishinda kidonge. Dakika 150 ni karibu zile zile tunazotembea usiku na Baba, gawanya mwenyewe.

Amejiandikisha kwenye daftari. Ukurasa wake uko nyuma.

Siku ya 33

Dona. Kila mtu anasema "kula dona". Tumepima: ugali wa sembe wa ukubwa wa ngumi, kisha siku nyingine wa dona wa ukubwa ule ule, mboga zile zile. Sembe ilipanda 3.4, dona ilipanda 2.9. Dona ina pumba na kiini, ina nyuzi na virutubisho ambavyo sembe imevipoteza mashineni, na inashibisha mapema. Tunabaki nayo. Ila atakayekula mlima wa dona akijiona yuko salama, namba hazitamwonea haya. Ukubwa wa ngumi ndio uliosaidia zaidi.

Kunde, choroko na maharage vimetupa namba nzuri kuliko nafaka yoyote. Mama anaweka mbaazi mezani mara tatu kwa wiki sasa, nazi nyepesi.

Siku ya 38

Naandika hii usiku, mikono bado haijatulia.

Asubuhi Baba alimeza dawa zake, akala yai na nusu chapati, akachukua baiskeli kwenda Raskazone kwa rafiki yake. Alijisikia vizuri, alikuwa na raha ya kujiona mwepesi. Wakazungumza mpaka saa sita na nusu, jua la kaskazi limewaka. Rafiki yake akanipigia: mzee anatoka jasho, anatetemeka, amemkaripia mtoto bila sababu, maneno yanamkwama.

Nilifika na mashine. 3.4.

Vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, akanywa yote. Tukasubiri dakika 15 zilizokuwa ndefu kama siku. 4.7. Ndipo akala chakula. Yule rafiki alikuwa ameshampa kashata, akiwaza ni tamu. Nia njema, lakini karanga na mafuta yake huchelewesha sukari kuingia. Mtu aliyeshuka anataka sukari ya maji, haraka.

Kosa ni langu. Glibenclamide huliamrisha kongosho litoe insulini, awe amekula au hajala. Dozi ile ilipangwa kwa Baba wa chapati mbili na vijiko vinne, mtu wa kukaa. Mimi nimempunguzia chakula na kumwongezea mwendo, halafu dawa nikaiacha pale pale, na sikumpigia daktari hata mara moja kumweleza tunachofanya. Atakayeiga mradi huu, na mgonjwa wake anatumia dawa ya aina hiyo au insulini, aanze kwa daktari, si kwa sufuria. Nimeipigia mistari mitatu.

Kuanzia leo Baba hatoki bila pakiti ndogo ya sukari na kichupa cha maji.

Siku ya 40

Kliniki. Daktari amepitia daftari ukurasa kwa ukurasa, na hakutugombeza ingawa alikuwa na haki. Ameondoa glibenclamide, ambayo kwa wazee huweza kushusha sana, ameweka gliclazide kwa dozi ndogo. Metformin inabaki.

Akauliza, "Mzee, Ramadhani unafunga?" Baba akajibu kwamba hajaacha tangu utotoni. Daktari akasema ni vizuri tumekuja sasa, wiki saba kabla, maana wengi huja mwezi umeshaandama. Atamwona tena mwishoni mwa Februari aamue kama anaweza, na saa za dawa zihamishwe vipi.

Siku ya 52 hadi ya 56

Alfajiri: 9.6, 10.9, 11.8, 12.6. Sahani ni ile ile, matembezi yale yale. Nimepekua daftari kutafuta kosa na sikuliona.

Mama aliliona. Kopo la unga wa mlonge nyuma ya kabati, na vidonge vya metformin havijapungua. Jirani alimwambia Baba kwamba vidonge vinaharibu figo na mlonge unatosha.

Nimekaa naye peke yetu. "Baba, kwa nini hukuniambia?" Akasema tumbo. Metformin imekuwa ikimsokota na kumkimbiza chooni muda mrefu, na aliona haya kulisema mbele ya binti yake. Alikuwa akiimeza asubuhi tumbo tupu. Tumepiga simu kliniki: imezwe katikati ya chakula au mara baada yake. Siku mbili, tumbo limetulia.

Kuhusu figo, daktari alieleza wazi. Metformin haiziharibu figo nzima. Figo zikiwa zimeshadhoofika ndipo dozi hupunguzwa au dawa husimamishwa, na ndiyo sababu ya kupima damu mara kwa mara. Kinachokula figo taratibu ni sukari yenyewe na presha. Mlonge ni mboga, tunaupika na dagaa, namshukuru jirani kwa majani. Nafasi ya kidonge hauichukui.

Siku ya 59

Alilala na 8.1, aliamka na 9.0, hakula kitu kati. Zamani Mama alimshuku kwa hili. Aliamini anaamka usiku kufungua jokofu. Kumbe karibu na alfajiri mwili hutoa homoni za kumwandaa mtu kuamka, na ini huachia sukari. Kwa asiye na kisukari insulini huifidia, kwa Baba inabaki juu.

Mama amemwambia "nisamehe" mbele yetu sote. Baba akacheka, akasema miaka sita ameadhibiwa kwa wizi wa ini lake.

Siku ya 63

Harusi. Shaaban imeingia na kadi zimejaa mlangoni. Alikunywa maji, akala kachumbari na nyama kwanza, pilau nusu ya sinia ya kawaida, kisha akakaa upande wa wanaosimama kupokea wageni. 11.9. Naiita ushindi.

Siku ya 67 hadi ya 70

Homa na kikohozi. Chakula kidogo sana, sukari 13 na 14. Mwili ukipigana na maradhi hupandisha sukari wenyewe. Maji mengi, dawa hazikuachwa, tulipima kila baada ya saa chache, kliniki walijua. Imepita.

Siku ya 74

Miguu. Nilisahau kuiandika mwanzoni, na ni jambo kubwa. Tunapenda kwenda ufukweni jioni, na Baba hutembea peku mchangani kama alivyolelewa. Leo nimeona mkwaruzo chini ya kidole gumba ambao hakuusikia kabisa. Ganzi ya kisukari. Nimeuosha, umeonyeshwa kliniki, ni mdogo.

Sasa kila usiku kabla ya kulala mjukuu wa kwanza anakagua nyayo za babu yake kwa tochi ya simu na kuripoti. Kandambili zimestaafu kwenye matembezi, viatu vilivyofungwa vimechukua nafasi.

Siku ya 80

Jaribio la futari. Sikutaka tuanze kujifunza mwezi ukiwa umeandama. Futari yetu ya miaka yote: uji mtamu, tende kadhaa, kaimati, muhogo na magimbi ya nazi, tambi, juisi ya ukwaju yenye sukari. Karibu kila sahani ni wanga, na mtu ana njaa ya kutwa.

Tulichopika leo: maji, tende moja, supu ya samaki yenye ndimu. Kisha anaswali Magharibi, tumbo linapokea taratibu. Akirudi: kunde, kisamvu, kachumbari, samaki, na vipande viwili vya magimbi, si sahani. Ukwaju bila sukari, una chumvi kidogo na tangawizi. Kabla 6.9, baadaye 10.2. Tarawehe ni kusimama, kurukuu na kusujudu, na msikitini ataenda kwa miguu.

Daku itakuwa karibu na alfajiri, si saa sita ya usiku: ugali mdogo wa dona, maharage, yai. Si chai tupu.

Magimbi yaliyobaki tuliyaweka kwenye jokofu, tukayapasha kesho yake. Wanga uliopoa hugeuka kiasi fulani kuwa mgumu kusagika tumboni, na kwa Baba ulipanda kidogo kuliko wa moto. Namba moja tu, nitairudia.

Siku ya 87

Vunja jungu, karamu ya kuukaribisha mwezi wa Ramadhani. Familia nzima ufukweni, jungu la pilau, mishikaki, maandazi ya shangazi. Sikumzuia Baba chochote, niliacha daftari nyumbani kwa makusudi. Alianza na kachumbari bila kuambiwa. Baadaye nilimwona ameshika mkono wa mdogo wangu, wanatembea kandokando ya maji, viatu miguuni.

Siku ya 90

28 Februari 2025. Uzito kutoka kilo 84 hadi 79.5. Alfajiri ya leo 7.4. Mdogo wangu, aliyepima kwake na kutuma picha, 5.8.

Kipimo cha miezi mitatu: asilimia 7.6.

Haijafika 7. Nilitamani ifike, nakiri nilimeza mate nilipoisoma. Daktari alisema kushuka kutoka 8.9 hadi 7.6 kwa mtu wa umri wake, bila kushuka kwa ghafla tangu Januari, ni kazi nzuri, na kwa mzee hatakimbilia namba ndogo ikiwa itamwangusha.

Amemruhusu kufunga, kwa masharti. Metformin wakati wa futari na daku, gliclazide wakati wa futari. Apime mchana, kwani kujichoma kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6 afungue pale pale, hata kama Magharibi imebaki dakika kumi. Baba alisita kwenye sharti hilo la mwisho. Daktari akamuuliza kama mgonjwa hakupewa ruhusa katika dini. Baba akasema alipewa. Akatia saini kwenye daftari langu, saini ile ile ndefu ya bandarini.

Mama ameitoa sufuria ndogo kabatini leo wakati akisafisha jiko kwa ajili ya mwezi. Ameipa kazi ya kuchemshia mayai ya daku. Boksi jipya la stripu liko juu ya jokofu. Jozi inayofuata: siku ya pili ya mfungo, saa kumi alasiri na saa mbili baada ya futari.